Hata Maboksi Matupu Yamekadiriwa Kodi

Sisi wafanyabiashara wadogo wa Lipingo, wilayani Nyasa, wenye vibanda vya mbao, wauza dagaa wa usipa, wakaanga maandazi, mawakala wa pesa za simu na mafundi cherehani, tuna la kusema kuhusu kodi. Si kwamba hatutaki kulipa. Tunajua kila anayelalamikia kodi huanza hivyo, lakini mtuvumilie, tutafika. Tunataka kulipa tunachodaiwa, na tunataka kujua kimetoka wapi.

Mwenye duka la kijijini anajua mteja hapendi rafu tupu. Kwa hiyo boksi la sabuni likiisha halitupwi. Linafungwa upya vizuri, linarudishwa juu kabisa, uso ukitazama njiani. Mali yenyewe iko rafu ya chini, tena haijazi rafu. Siku afisa mmoja alipopita kwetu, wa ofisi gani hatusemi, alisimama mlangoni, akatazama kuanzia juu mpaka chini, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda duka la pili. Hakuuliza daftari. Na nani angethubutu kupanda kigoda kumwonyesha kwamba ndani ya boksi la tatu kutoka kushoto wanalala panya? Mwenye duka angeaibika mbele ya wateja wake. Makadirio yalipokuja, yalikuwa ya duka lililojaa.

Hayo ndiyo manung'uniko yetu makubwa. Mengi ya mengine yanatokana nayo.

Maana sheria yenyewe, ukikaa nayo, si mbaya kama tulivyodhani. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imemtenga mfanyabiashara mdogo, yule mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, na kumwekea jedwali lake. Hahitaji mhasibu wala hesabu zilizokaguliwa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ililipanga jedwali hilo hivi: mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, hakuna kodi ya mapato. Kutoka milioni 4 hadi 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Kutoka milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000. Mwenye nazo ni 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Someni tena taratibu, kwa sababu sisi wengi wetu hatukusomewa hata mara moja.

Chukueni duka linalouza shilingi 11,000 kwa siku. Si duka la kutisha hilo. Ni chumvi, mafuta ya kupimwa, sukari ya robo, betri, biskuti za watoto. Kwa siku 365 linafikisha 4,015,000. Limevuka milioni 4 kwa shilingi 15,000. Mwenye duka akiwa na daftari, kodi yake ya mwaka mzima ni asilimia 3 ya hizo 15,000, yaani shilingi 450. Ndiyo, mia nne na hamsini. Asipokuwa na daftari, ni 100,000. Mtu yuleyule, duka lilelile, chumvi ileile. Kilichobadilika ni kauntabuku moja na kalamu ya wino. Na jirani yake anayeuza 10,000 kwa siku hafiki milioni 4, hadaiwi kodi ya mapato hata senti, lakini bila daftari atamwonyesha nani kwamba hafiki?

Sasa tuulize: ni nani mwenye wajibu wa kutuambia hili? Wenye semina huja mjini, hukaa ukumbini, hurusha picha ukutani, hugawa maji ya chupa. Sisi tunapata habari kwa kijana wa bodaboda aliyesikia kwa mtu stendi. Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 tulishangilia kwamba huduma zitatusogelea. Baadaye lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ilijengwa, na kweli imetusaidia, hatukatai. Ila elimu ya kodi haijashuka kwenye gari bado.

Wapo watakaosema watu wa kijijini hawajui kuweka hesabu. Hapo ndipo tunapokasirika kabisa.

Njooni siku ya vikoba. Mtawakuta akina mama wamekaa kwenye mkeka, sanduku la bati lipo katikati, kufuli tatu, na funguo tatu zimeshikwa na watu watatu tofauti wasiotoka nyumba moja. Kila mwanachama ana kitabu chake, na kila hisa aliyonunua imegongewa muhuri mdogo. Kabla sanduku halijafungwa, katibu anasoma kwa sauti kilichobaki ndani, na wote wanakiweka kichwani. Wiki inayofuata sanduku likifunguliwa, kiasi hicho hicho kinatajwa na wanachama kabla pesa haijahesabiwa. Ikipungua mia mbili, kikao hakiendelei. Mikopo, riba, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii, vyote vina ukurasa wake. Mwisho wa mzunguko wanavunja, kila mmoja anapata chake kulingana na hisa zake, na hakuna mhasibu aliyekanyaga pale. Watu wanaofanya hivyo kila wiki mnawaita hawana kumbukumbu?

Tofauti ni kwamba kwenye vikoba mtu anajua akiandika anafaidi. Kwenye duka ameaminishwa kwamba akiandika anajichongea. Tangu zamani maneno ya mtaani ni hayo: ukiwa na daftari, afisa akilikuta, umekwisha. Kwa jedwali lile ni kinyume kabisa. Katika madaraja yote mawili tuliyoyataja, mwenye daftari analipa pungufu kuliko asiye nalo, hata akiwa ukingoni mwa daraja: mwenye mauzo ya milioni 7 kamili analipa 90,000 badala ya 100,000, na wa milioni 11 analipa 210,000 badala ya 250,000. Uvumi umetugharimu fedha nyingi kuliko kodi yenyewe.

Tumwangalie mama mmoja wa huku ambaye anaandika. Kauntabuku lake lina jalada jeusi lililovimba kwa unyevu, na ameligawa kwa rula. Ukurasa wa kushoto ni mauzo, siku kwa siku, jumla tu, kwa sababu hawezi kuandika kila kiberiti. Jumatatu 9,700. Siku ya gulio 31,500. Siku ya mvua kubwa 4,200, na pembeni ameandika "mvua". Ukurasa wa kulia ni matumizi: mzigo wa dukani, nauli, kibarua aliyebeba, ushuru. Nyuma kabisa, kwa kuanzia jalada la mwisho, kuna madeni, majina kwa majina, na aliyelipa amepigwa mstari. Kuna safu moja nyembamba ambayo hatujaiona kwa wengine, imeandikwa "nyumbani". Humo anaandika sukari, sabuni na mchele unaotoka dukani kwenda jikoni kwake. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba duka lake la kwanza halikuuawa na kodi, liliuawa na chai ya asubuhi.

Wenzetu wangapi wana safu hiyo? Na shemeji akija hachukui kwa deni, anachukua kwa undugu, hilo nalo liandikwe wapi? Walioishi mjini wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwetu habari ipo, kijiji kizima kinajua mali ilikwenda kwa nani, ila hakuna wa kumdai.

Basi mama huyo mwaka uliopita alijumlisha akapata milioni 5 na ushei kidogo. Kwa jedwali, asilimia 3 ya hiyo milioni moja na ushei ni kama 31,000 kwa mwaka, na sheria inaigawa katika awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kila awamu haifiki 8,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi, na chakula cha njiani, vinaikaribia awamu yenyewe au kuizidi. Akishapewa namba ya malipo anaweza kulipa kwa simu, hilo ni jema. Kinachomtoa jasho ni kufika mpaka mtu alifungue lile kauntabuku na kuliangalia. Mara moja alilibeba mpaka mezani kwa karani mmoja huko mjini, akaambiwa "hilo si hesabu, mama". Hakuambiwa hesabu ni nini. Daftari gani linakubalika? Lenye safu ngapi? Lipigwe muhuri na nani? Mtendaji? Hatuombi kupunguziwa kodi hapa. Tunaomba mfano wa ukurasa mmoja.

Tuje kwa madeni, kwa sababu biashara ya kijijini nusu yake ni madeni. Mvuvi anachukua unga leo, atalipa bahari ikitulia. (Ndiyo, huku ziwa tunaliita bahari, msitusahihishe.) Je, mauzo ni siku unga ulipotoka, au siku pesa ilipoingia? Sheria ya 2004 inamruhusu mfanyabiashara binafsi kuhesabu kwa fedha iliyopokelewa. Ina maana deni la mvuvi ambalo halijalipwa halijawa mauzo bado, mradi umeliandika upande wake na hulirukishi huku na huku kila mwaka. Jambo zito kama hilo, linalogusa kila duka lenye daftari la madeni kuanzia Lituhi mpaka Chiwanda, tumelijua kwa kuvizia.

Wauza usipa wana kilio kingine, na hapa hatulaumu afisa, tunalaumu jedwali. Kodi yetu inahesabiwa juu ya mauzo, siyo juu ya faida. Kwa mwenye duka la chumvi si neno sana. Kwa mwenye usipa ni balaa. Tuseme amenunua mitumbwini, ameanika, amefungasha, amepeleka Mbinga na Songea, na kwa mwaka mauzo yamefika milioni 10. Pesa nyingi hiyo kwa masikio. Lakini milioni 9 na zaidi zimerudi kwa wavuvi, kwa gari, kwa magunia, kwa vibarua wa kuanika, kwa ushuru. Ikibaki faida ya 900,000, kodi yake hata akiwa na daftari ni 180,000, sehemu moja ya tano ya alichopata. Na usipa hauna subira. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo ukiwa kwenye chanja, unageuka chakula cha kuku, na hasara hiyo haina mahali pa kukaa kwenye jedwali linalotazama mauzo tu. Anaweza kuomba akadiriwe kwa faida kama wakubwa, lakini hapo atatakiwa vielelezo vya manunuzi. Mvuvi anayefika ufukweni alfajiri, amelowa, mtumbwi unavuja, umwambie akuandikie risiti?

Risiti ndiyo kichekesho chetu. Kila upande tunahubiriwa: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mashine za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na hatuna ugomvi nazo. Ila tukienda kwa wauzaji wa jumla, bei inatajwa mara mbili, ya risiti na ya bila risiti, na mwenye mtaji wa laki tatu mnajua atachagua ipi. Akichagua hiyo, amejinyima mwenyewe ushahidi. Akidai risiti, mara nyingine anapewa iliyoandikwa nusu ya alicholipa. Tuliyemlalamikia alituuliza kama tunataka mzigo au tunataka karatasi.

Na hiyo karatasi, ukiipata, imechapwa kwa joto. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Hakuna ubaya. Lakini risiti ya mashine ukiiweka kwenye kibanda cha bati kando ya Ziwa Nyasa, mwaka haujaisha imekuwa nyeupe kabisa. Mwenzetu mmoja anazo zaidi ya arobaini kwenye bahasha, zimepangwa kwa miezi, hakuna hata moja inayosomeka. Sasa amejifunza kuzipiga picha kwa simu siku hiyo hiyo na kunakili namba na kiasi kwenye daftari. Hilo nalo hakufundishwa na mtu.

Mawakala wa pesa za simu wao wanataka lao liingie. Mtu akichungulia ujumbe kwenye simu ya wakala anaona mamilioni yakipita, anadhani amekaa na tajiri. Pesa ile ni ya wateja, inaingia na kutoka. Chake ni kamisheni, na kamisheni inakatwa asilimia 10 ya kodi kabla haijamfikia. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, watu wa huku walirudi kupeana noti mkononi na kutumana kwa dereva, na kamisheni ikakauka. Zikapunguzwa baadaye, lakini wakala anayekadiriwa kwa pesa inayopita badala ya kamisheni anaonewa, na tunalisema hilo bila kupepesa macho.

Halafu kuna hili la ankara, linalowauma wakulima wetu. Taasisi ya umma, tuseme shule, ikitaka maharage, inataka muuzaji aliyesajiliwa kwenye mfumo wa NeST, ule wa ununuzi wa serikali ulioanza mwaka 2023, mwenye namba ya mlipakodi, leseni, ankara na risiti ya mashine. Mwenye maharage hana ankara. Mwenye ankara hana maharage. Basi mwenye ankara anatoka mjini, anakuja kununua kwa mwenye maharage kwa bei ya shambani, anayauza hatua chache kutoka shambani yalikolimwa. Faida yote iko kwenye karatasi. Watoto wanakula maharage ya Nyasa yaliyokwenda mjini kwa jina tu.

Tukiongeza leseni ya biashara, ushuru wa soko, ushuru wa samaki, na michango inayokuja bila kualikwa, mwenye kibanda anashindwa kutofautisha nani ni nani. Kwake wote ni serikali, na wote wana haraka. Kuna anayekuja na kimashine na karatasi inatoka papo hapo. Huyo tunampenda, hata akichukua. Kuna anayesema kitabu cha risiti kimeisha, atakileta wiki ijayo. Huyo tunamwuliza swali moja: sisi tukikuambia risiti imeisha utatuelewa?

Wazee wetu wanatucheka. Wao waliishi na kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, iliyofutwa mwaka 2003. Walikuwa wakikimbia mgambo, na waliolipa walitunza stakabadhi kwenye kopo la bati kama hirizi, maana bila hiyo usingepita njia kuu. Wengine wanazo hadi leo, na wino unasomeka. Babu wa mmoja wetu alizimwaga mezani, akauliza vijana wenye simu za kugusa wamepotezaje za mwaka jana.

Vitambulisho vya wajasiriamali vya mwaka 2018 tunavikumbuka pia. Shilingi 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Wengi walivivaa shingoni wakaona wamemaliza mambo. Hakuna aliyewaambia kwamba siku mauzo yakivuka milioni 4 wanahamia kwenye jedwali, na kwamba siku hiyo daftari litawafaa kuliko kitambulisho. Waliovuka bila kujua walikutana na 100,000 kama mtu anayegonga jiwe gizani.

Wenzetu wa Kariakoo wakichoka wanafunga maduka. Mei 2023 walifunga, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza. Juni 2024 wakafunga tena. Mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akaunda Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Sisi tukifunga Lipingo, atakayeteseka ni shangazi aliyekuja kununua chumvi, na jioni atatufuata majumbani tumfungulie. Mgomo wetu hauna meno. Ndiyo maana tunanung'unika kwa maandishi.

Tunachotaka si kikubwa. Jedwali libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata na vijiji, kwa Kiswahili cha watu, pamoja na mfano wa ukurasa mmoja wa daftari uliojazwa, wenye mauzo, matumizi, madeni na safu ya nyumbani. Anayekuja kukadiria aombe daftari kwanza kabla ya kutazama rafu, na akilikataa aandike sababu. Kila anayepokea pesa yetu atoe karatasi, hata kama ni mia tano ya soko. Na mwalimu hana haja ya kutoka mbali wala kulala hotelini: makatibu wa vikoba wapo, wameshazoea safu na jumla, wapeni jedwali na posho ya siku moja wawafundishe wenzao siku ya gulio. Awamu ya kwanza inaisha 31 Machi. Mje kabla ya hapo.